Samadi ya Nyumbani katika Vilima vya Burungu

Msafiri atokaye Goma kwa njia ya Sake, akaliacha ziwa Kivu na mawe meusi ya volkano nyuma yake, akapanda kilima baada ya kilima mpaka Kilolirwe, kisha Burungu, na Kitshanga ikiwa mbele yake, hupita katika nchi ambayo jicho la mgeni huihukumu mara moja kuwa nchi ya neema; kwani malisho ya kijani yametandaa juu ya vilima mpaka upeo wa macho, ng'ombe wametawanyika juu yake, mashamba ya maharage na viazi yameshikilia miteremko ambayo mtu asiyeizoea angeogopa hata kuisimamia, na nyumba zimezungukwa na migomba yake. Hukumu hiyo ya mgeni si ya uongo, walakini haikukamilika. Neema ya Burungu ina njia nyingi za kutoka na njia chache za kurudi: mvua za misimu miwili huiteremsha mabondeni, na kila lori la kabichi na vitunguu liendalo kuulisha mji wa Goma huchukua, ndani ya majani mabichi hayo, chumvi za udongo zilizokusanyika kwa karne nyingi, zikaliwe mjini na mabaki yake yatupwe juu ya mawe. Mji haurudishi kitu shambani.

Ziko njia mbili za kuilipa ardhi deni hilo. Ya kwanza hununuliwa dukani ndani ya gunia. Ya pili hutengenezwa uani. Rai ninayoitetea katika sura hii ni kwamba bustani ya mboga ya nyumbani, katika nchi yenye hali kama ya Masisi, wilaya ya mashariki mwa Kongo ambamo Burungu imo, yapasa kulishwa kwa hiyo ya pili, na sababu yangu kubwa si chuki ya viwanda wala mapenzi ya mambo ya kale, bali ni kwamba samadi iliyotengenezwa uani ndiyo rutuba pekee isiyosimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani. Gunia la mbolea ya dukani halizaliwi Kivu Kaskazini. Hutoka ng'ambo, huvuka mipaka, hupakiwa na kupakuliwa, hulipiwa ushuru wa haki na ushuru wa dhuluma, na barabara ya Sake ikifungwa kwa vita au kwa matope haliji kabisa, ilhali mche uliokwisha kupandwa haujui kungoja.

Yafaa kwanza kuujua udongo wenyewe, kwa maana watu wengi husikia habari ya volkano wakadhani kazi imekwisha. Sehemu kubwa ya mashariki ya Masisi imelala juu ya majivu na mawe yaliyotapikwa zamani za kale, na udongo uliotokana nayo, ambao wataalamu huuita andosoli, ni mweusi, mwepesi mkononi, wenye kushika maji na kuhifadhi mabaki ya majani kuliko udongo mwingi wa Afrika. Lakini una tabia moja ya ubahili: alumini na chuma vilivyomo ndani yake huikamata fosforasi na kuifungia, hata mmea ukashinda na njaa kando ya ghala iliyojaa. Mkulima huiona njaa hiyo katika majani ya miche michanga yanayogeuka rangi ya zambarau, na katika kabichi zinazokawia kufunga. Mbolea ya viwandani ikitiwa katika udongo huo, fosforasi yake nayo hukamatwa kwa sehemu kubwa kabla mizizi haijaifikia. Ama samadi iliyooza vizuri ina asidi zake za asili ambazo huishughulisha ile alumini na kile chuma, na kwa sababu hiyo fosforasi huachiliwa kidogo kidogo, kwa mwendo ambao mzizi waweza kuupokea.

Upande wa Walikale, kunakoteremkwa magharibi mpaka katika misitu mikubwa, mambo ni mengine. Huko udongo umetokana na miamba mikongwe, umeoshwa na mvua mpaka umebaki mwekundu na wenye uchachu, na utajiri wa nchi haumo ardhini bali umo katika miti yenyewe. Ndiyo maana shamba lililofyekwa na kuchomwa moto huzaa vizuri misimu michache, kisha huchoka. Mwenye bustani wa Walikale anahitaji samadi kuliko ndugu yake wa Burungu, na tena anahitaji majivu ya jikoni, yapunguzayo uchachu. Sitakaa sana huko, kwa kuwa bustani ninayoieleza ni ya vilimani, katika nchi ambayo sehemu yake kubwa imepita mita 1,500 juu ya bahari, yenye usiku wa baridi na ukungu wa asubuhi, mahali ambapo kabichi, karoti, puaro na vitunguu hustawi kama vimezaliwa hapo.

Sasa nitafanya hesabu ambayo watetezi wengi wa samadi huikwepa, nami naona kuikwepa ni kumdhulumu mkulima. Gunia moja la yurea la kilo 50 lina asilimia 46 ya nitrojeni, yaani kilo 23. Mavi mabichi ya ng'ombe yana takriban nusu ya asilimia moja, maana yake tani nzima ina kilo tano tu. Kwa hiyo atakaye kupata katika mavi ya ng'ombe nitrojeni iliyomo katika gunia moja, gunia ambalo kijana mmoja hulibeba begani, itamlazimu kubeba karibu tani tano. Nguvu hiyo ya gunia si uchawi: Fritz Haber na Carl Bosch walipata njia ya kuivuta nitrojeni hewani kwa moto mkali na mgandamizo mkubwa, na kiwanda cha kwanza cha kazi hiyo kilifunguliwa Oppau, Ujerumani, mwaka 1913, na tangu siku hizo mamilioni ya watu wamelishwa kwa chakula kilichokuzwa kwa njia hiyo. Mtu mwenye hekta mbili za viazi vya kuuza, akichanganya samadi yake na konzi ya mbolea ya dukani, mimi simlaumu.

Lakini bustani ya mboga si hekta mbili. Ni matuta matano au sita nyuma ya nyumba, kila tuta lenye upana ambao mkono hufika katikati bila mguu kukanyaga, na urefu wa hatua nane au tisa. Tuta la mita kumi za mraba hutosheka kwa kilo 20 hadi 30 za samadi iliyoiva kila msimu. Lundo moja lenye upana wa mita moja na nusu kila upande na kimo cha mita moja na robo, hata likishapungua nusu kwa kuoza, huyatosha matuta yote hayo na kubaki. Ndani ya mipaka hiyo hesabu hugeuka upande wetu. Na hapo ndipo zitajwe fadhila ambazo gunia halina kabisa: samadi huufanya udongo ushikamane usiteremshwe na mvua, huuhifadhia maji ya miezi ya Juni, Julai na Agosti ambayo mvua huadimika, na huwalisha minyoo na vijidudu visivyoonekana, ambavyo ndivyo wakulima wa kweli wa ardhi. Udongo uliolishwa yurea peke yake mwaka baada ya mwaka huzidi uchachu, na mabaki yake ya kale huliwa bila kuongezwa.

Maarifa haya hayakuletwa Kivu na mtu. Katika nchi zote za Maziwa Makuu, mwanamke aliyefagia uwanja wake na kutupa taka chini ya mgomba alikuwa akitia samadi, na ndiyo sababu migomba iliyo karibu na nyumba huwa minene kuliko ile ya mbali. Waliokuja kuyaandika maarifa hayo vitabuni ni wengine. Mashuhuri wao ni Sir Albert Howard, Mwingereza mtaalamu wa mimea, aliyefanya kazi Indore, Bara Hindi, tangu mwaka 1924 hadi 1931, akawatazama wakulima wa nchi ile kwa unyenyekevu ambao ni nadra kwa wakubwa wa wakati wake, akapanga utaratibu wa kuchanganya majani, mavi na udongo katika tabaka na kuyageuza kwa nyakati maalumu. Mwaka 1933 utaratibu huo ulikuwa umefika katika shamba la kahawa la Kingatori, karibu na Kiambu, Kenya. Baadaye, mwaka 1986, ikaanzishwa Kenya taasisi ya kufundisha kilimo hai, KIOF, kwa ajili ya wakulima wadogo. Na mwaka 2007 nchi za Afrika Mashariki zikakubaliana kanuni moja ya mazao ya kilimo hai, yenye alama ya Kilimohai. Kongo, iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, imezikuta kanuni hizo zimekwisha kuandikwa, na alama yake ina jina la lugha ambayo mkulima wa Masisi aisikia vizuri. Kilichobaki ni kumfikia.

Tuje katika lundo lenyewe. Mahali pake ni kivulini, chini ya mgomba au mparachichi, juu ya ardhi tupu isiyosakafiwa, mbali kidogo na kisima. Vitabu vingi husifu shimo, na katika nchi kame shimo lina haki yake, kwa kuwa huzuia maji yasikauke. Lakini katika vilima vyenye mvua kama Burungu, shimo hujaa maji, hewa hutoka, na kilichomo huvunda badala ya kuoza. Na kwa wakaao tambarare za Sake na kandokando ya ziwa, liko jambo jingine la kuhadhari: mabondeni mwa huko hutuama mazuku, hewa ya kaboni itokayo ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida, ambayo humuua mtu au mbuzi aliyeshuka ndani yake bila kunusa kitu. Mahali kama hapo hapafai kuchimbwa shimo la aina yoyote. Lundo na liwe juu ya ardhi.

Chini kabisa hutandikwa mabua ya mahindi au ya mtama na vijiti, kimo cha mkono, ili hewa ipite. Juu yake huwekwa tabaka la vitu vikavu: majani ya migomba yaliyokauka, nyasi kuukuu, makapi ya maharage yaliyobaki baada ya kupurwa. Kisha huja vibichi: magugu yaliyong'olewa kabla ya kutoa mbegu, maganda ya viazi na ndizi, majani ya nje ya kabichi, na hasa alizeti mwitu, ile yenye maua ya manjano iotayo kandokando ya njia na mipaka ya mashamba, ambayo watu huikata na kuitupa. Watafiti waliofanya kazi magharibi mwa Kenya katika miaka ya 1990 waliyapima majani yake yaliyokaushwa wakakuta yana karibu asilimia tatu na nusu ya nitrojeni na zaidi ya asilimia nne ya potasi, kiasi kishindacho samadi nyingi za ng'ombe. Nami sioni mmea mwingine wa porini unaostahili heshima zaidi katika bustani ya maskini. Baada ya vibichi hutiwa mavi ya ng'ombe au ya mbuzi, konzi chache za majivu, na udongo kidogo wa juu, ambao ndani yake mna vijidudu vitakavyoanza kazi. Hunyunyizwa maji, na tabaka huanza upya, mpaka lundo lifike kifuani. Wataalamu husema kaboni iwe sehemu 25 hadi 30 kwa sehemu moja ya nitrojeni. Mkulima asiye na mizani afanye mizigo miwili ya vikavu kwa mzigo mmoja wa vibichi, na hatakuwa mbali na wataalamu. Mwisho lundo hufunikwa kwa majani ya migomba, mvua isilioshe na jua lisilikaushe.

Kisha huchomekwa kijiti kirefu mpaka katikati, na kijiti hicho ndicho kipimo chote. Siku ya tatu au ya nne, asubuhi yenye ukungu, lundo lililopangwa vizuri huonekana likitoa mvuke, na watoto wasiopata kuliona jambo hilo hushtuka. Mazungumzo yake huwa kama haya:

"Koko, lundo linatoa moshi! Litaungua!"

"Si moshi, mjukuu wangu, ni mvuke. Chomoa kile kijiti, kishike pale chini."

"Kinachoma, Koko!"

"Basi ni kheri. Kikianza kupoa ndipo tutaligeuza. Tungekikuta baridi leo, tungejua limekosa maji au limekosa mavi."

Maneno ya bibi huyo ni ilimu kamili. Ndani ya lundo, bakteria wapendao joto wanapokula na kuzaana, joto hupanda mpaka digrii 55, hata 65, na likidumu hivyo siku kadhaa huua mbegu nyingi za magugu na vimelea vingi vya maradhi. Kijiti kikitoka kikavu, hutiwa maji. Kikitoka kinanuka uvundo, hewa imekosekana, na lundo hugeuzwa upesi. Kikitoka na harufu kali ichomayo pua, mavi yamezidi na nitrojeni yatoroka hewani, basi huongezwa mabua. Unyevu wake ni ule ambao ukikamua konzi moja hutoka tone moja au mawili, si zaidi. Kwa kawaida hugeuzwa baada ya majuma matatu, cha nje kiwe ndani na cha ndani kiwe nje, na hugeuzwa tena baada ya majuma mengine matatu au manne. Pwani na nchi za joto kazi huisha kwa miezi mitatu. Katika baridi ya Masisi yafaa kukadiria minne au mitano. Samadi iliyoiva ni nyeusi, hubomoka vidoleni, haina joto, haionyeshi tena ilikuwa jani gani, na harufu yake ni ya udongo wa msituni baada ya mvua. Atakaye samadi ya kupandia mwezi wa Septemba, mwanzo wa msimu A, yaani msimu wa kwanza wa kilimo, lundo lake liwe limesimama tangu Aprili au Mei, wakati magugu na alizeti mwitu vimejaa tele.

Viko vitu visivyopaswa kuingia lunduni kamwe, na kimoja kati yake chaihusu Masisi kuliko nchi nyingine yoyote ya Kongo. Mwaka 2001 mnyauko wa migomba, ugonjwa wa bakteria ambao hapo kabla ulijulikana Ethiopia, na ambao mwaka huo huo ulionekana Uganda, uligunduliwa katika ardhi ya Masisi kwa mara ya kwanza nchini Kongo. Majani hugeuka manjano na kulegea, ndizi huiva kabla ya wakati na kuoza ndani, na ukikata shina hutoka usaha wa manjano. Hakuna dawa ya dukani iuponyayo. Kinga yake ni kazi ya mkono: kuondoa ua la chini la mkungu kwa mti wenye panda badala ya kisu, kukata shina lililougua mara lionekanapo, na kupitisha panga motoni kabla ya kuligusa shina jingine. Mgomba wa namna hiyo usipelekwe lunduni, wala majani yake yasifunike samadi. Na uachwe pale pale ulipokatwa. Kadhalika viazi vilivyooza kwa mnyauko, na nyanya zilizoungua kwa ukungu wa mvua, visitiwe, kwa kuwa si kila pembe ya lundo hupata joto la kutosha. Majani ya mikaratusi, iliyojaa vilimani kwa ajili ya mbao na makaa, hayafai, kwa maana yana mafuta yanayozuia kuoza na kuidhuru miche. Betri za tochi na mifuko ya plastiki ni sumu na uchafu. Ama kinyesi cha binadamu, yeyote aishiye katika nchi iliyowahi kuona kipindupindu hahitaji kuelezwa.

Samadi ikiwa tayari, matuta hulimwa kwa kukinga mteremko, si kwa kuufuata. Kosa hilo moja laweza kuipoteza kazi ya miezi mitano katika mvua moja ya Oktoba. Kandokando ya matuta hupandwa mstari wa mabingobingo, ambayo mizizi yake hushika udongo na majani yake hulisha mbuzi. Lengalenga, ambayo pwani huitwa mchicha, ndiyo ya kuanzia, kwa kuwa hulipa upesi: huweza kuchumwa kabla ya juma la tano, na ikikatwa juu huchipua tena. Kabichi, ambazo Kivu zaitwa shu, zataka samadi nyingi na subira ya miezi mitatu. Karoti hazitaki samadi mbichi, huota mapanda; basi zipandwe katika tuta lililokwisha kuzaa kabichi msimu uliopita. Vitunguu na puaro zaweza kuingia katikati ya kabichi, na mchanganyiko huo huwasumbua wadudu wanaoitafuta kabichi kwa harufu.

Swali la wadudu ndilo linalowarudisha watu wengi dukani, nami silidharau. Mama aliyeiona kabichi yake imetobolewa kama chujio huchukua chochote atakachouziwa, na sumu hizo huuzwa mara nyingi kwa kijiko, ndani ya chupa zisizo na maandishi, bila kuambiwa ni siku ngapi zipite kabla ya kuchuma. Mboga zinyunyizwazo Jumatatu na kupikwa Jumatano ni hatari kwa watoto, na hiyo peke yake yatosha kuwa hoja. Vidukari huondolewa kwa maji yenye sabuni kidogo au kwa majivu makavu yaliyopepetwa juu ya majani asubuhi yenye umande. Sota, yule kiwavi akataye miche usiku, hutafutwa alfajiri kwa kufukua kidogo kando ya mche ulioanguka, naye hukutwa amejikunja pale pale. Kwa viwavi wa kabichi yapo maji ya utupa, mmea ambao wavuvi wameujua tangu kale kwa kulevya samaki: majani yake hutwangwa, hulowekwa usiku kucha, huchujwa na kunyunyizwa jioni. Lakini dawa iuayo samaki haiwi salama kwa kuwa ni jani. Mabaki ya utupa yasioshwe mtoni, wala yasiteremke katika maziwa ya Mokoto, wala mboga zilizonyunyizwa zisichumwe kabla ya siku kadhaa kupita. Maji ya tumbaku, ambayo wengine huyasifu, mimi siyapendekezi kabisa: ni sumu kwa mtu, na tumbaku huweza kuambukiza nyanya maradhi.

Nyanya ni habari ya pekee, na huzuni ya bustani nyingi za vilimani. Katika mvua na ukungu wa Masisi, ule ugonjwa uunguzao majani na kuyafanya meusi kwa siku tatu hauzuiliwi na samadi yoyote duniani. Anayetaka nyanya bila madawa azipande chini ya kijipaa cha majani au cha nailoni, majani yake yasilowe, azipande mbali mbali, akate matawi ya chini, au azipande zikomae katika kiangazi kwa maji ya kumwagilia. Akishindwa, na aache nyanya, ale lengalenga.

Nimesema mengi kana kwamba mkulima wa Burungu ana hakika ya kuivuna bustani yake. Lundo la miezi mitano ni tendo la mtu anayetumaini kuwapo baada ya miezi mitano, na tumaini hilo katika Masisi limevunjwa mara nyingi. Mwezi wa Januari 2023 vita vilipofika Kitshanga, watu kwa maelfu waliacha kila kitu wakaenda zao, wengi mpaka kambi za kandokando ya Goma, kama Bulengo na Lushagala. Na mwanzoni mwa mwaka 2025 kambi zilipovunjwa, wengi walirudi katika ardhi iliyolala. Ng'ombe ndiye wa kwanza kuporwa. Kwa sababu hiyo nafikiri wenye akili ni wale wafugao sungura na kobayi, yaani simbilisi, jikoni: wanyama hawa hawaonekani barabarani, hubebwa katika kikapu siku ya kukimbia, hula magugu na maganda, na samadi yao ya vidonge vikavu, ikikusanywa kila asubuhi chini ya vizimba, ni kali kuliko ya ng'ombe na hutosha kuanzisha lundo la nyumba isiyo na ng'ombe hata mmoja.

Na asiye na ardhi kabisa ana gunia. Katika Goma, mji ambao sehemu yake ilifunikwa kwa mawe ya moto mwaka 2002, na ambamo mitaa mingi haina udongo wa kuchimba, gunia la kilo 50 huwekwa mbele ya mlango. Katikati yake husimamishwa kopo refu lisilo na kitako, likajazwa vipande vya mawe ya volkano, na pembeni hujazwa mchanganyiko wa sehemu mbili za udongo kwa moja ya samadi. Kopo huvutwa juu kadiri gunia lijaavyo, mpaka nguzo ya mawe isimame toka chini hadi juu, ambayo maji yatapita ndani yake yakafikie kila mzizi. Ubavuni hutobolewa matundu ya kidole, hupandwa lengalenga na spinachi, na juu hupandwa vitunguu. Miche 30 au zaidi hupata makazi mahali ambapo kiti kimoja kingekaa. Maji yaliyooshea mboga, yasiyo na sabuni, yatosha kulinywesha siku nyingi.

Limebaki jambo la ardhi ya kukodi, ambalo katika Masisi, nchi ya malisho makubwa ya wachache na vijishamba vya wengi, ndilo zito kuliko yote. Samadi haitoi vyote ilivyo navyo katika msimu wa kwanza. Sehemu ya nitrojeni yake, na aghalabu iliyo kubwa, hubaki udongoni ikaachiliwa katika msimu wa pili na wa tatu na kuendelea. Kwa hiyo mpangaji aliyetia samadi, kisha akaondolewa baada ya mavuno ya mara moja kwa kuwa mwenye ardhi ameona udongo umenenepa na kumpata atoaye zaidi, ameacha nyuma kazi yake bila malipo. Naye akilijua hilo tangu mwanzo, hatatia kitu, ataikamua ardhi na kuhama, na hasara itawapata wote wawili. Mapatano ya kukodi ardhi ya bustani yapasa kuwa ya miaka mitatu isiyopungua, yaandikwe mbele ya mkuu wa kijiji na mashahidi wa pande zote mbili, na kila kikapu cha samadi iliyoingia katika ardhi hiyo kihesabiwe kuwa ni sehemu ya kodi.